Mwenye mlango wa malipo ndio anaetuamulia tucheze nini

Toka Julai 2025 maduka ya gemu ya mtandaoni Steam na itch.io yalipoanza kuondoa na kuficha magemu yenye ngono, kila nikipita vibanda vya gemu vya Ngamiani na Makorora, au nikisoma magrupu ya WhatsApp ya wacheza gemu wa hapa Tanga, nakuta watu wamegawanyika pande mbili na zote naona hazijagusa penyewe. Upande mmoja unasema afadhali, uchafu umetolewa, sisi watu wa pwani tuna dini zetu na watoto wetu, waliokuwa wanauza ubakaji kwa jina la gemu waende zao. Upande wa pili, hasa vijana wanaofuatilia YouTube za Wamarekani, kwao kila kitu ni udhibiti: gemu ikiondolewa ni udhibiti, mhusika akivalishwa nguo ndefu kwenye toleo la Kiingereza ni udhibiti, mtafsiri akibadilisha utani wa Kijapani nao ni udhibiti. Mi nasema hivi, kabla ya kuuliza kitu gani kimeondolewa tuulize nani mwenye uwezo wa kukiondoa, na ukitaka kumhoji utampata wapi. Kwa kipimo hicho mtafsiri anatoka kabisa kwenye kesi, serikali inabaki mdhibiti lakini anajulikana alipo, na mtandao wa kadi za benki unakuwa mdhibiti wa hatari kuliko wote sababu hana dirisha la kupokea malalamiko. Na sisi huku ambao kulipia kitu mtandaoni ni shughuli pevu ndio tulitakiwa tulione hilo mapema.

Tuanze na kilichotokea, maana nikiwasikiliza watu naona wengi wamekipata nusu. Aprili 2025 kulikuwa na gemu inaitwa No Mercy, ilikuwa na ubakaji na ngono ya ndugu kwa ndugu, ikapigiwa kelele Uingereza, Kanada na Australia mpaka ikaondolewa Steam. Hapo sina ubishi na mtu, na silii. Lakini kikundi cha Australia kinachoitwa Collective Shout hakikuishia kwa wenye maduka, kikawaandikia barua ya wazi wakubwa wa kampuni za malipo, Visa, Mastercard, PayPal na wengine, kikiwataka waache kupitisha hela za magemu ya namna hiyo. Katikati ya Julai Valve, wenye Steam, wakaongeza kanuni mpya inayokataza vitu vinavyoweza kuvunja masharti ya kampuni za malipo na benki zao. Isome tena hiyo kanuni, haisemi vitu vinavyovunja sheria za nchi, inasema masharti ya mtu wa malipo. Siku chache baadae itch.io, duka ambalo watengenezaji wadogo wadogo wa dunia nzima wanaweka kazi zao, likaficha kwenye utafutaji kurasa zote zilizowekewa alama ya maudhui ya watu wazima, bila hata kuwapa wenye kazi taarifa mapema, na wenyewe wakakiri kwamba walibanwa na muda. Humo ndani kulikuwa na ngono tupu ndio, ila kulikuwa na kazi pia za watu wanaosimulia kunyanyaswa, au mapenzi, au miili yao, maana alama ile ile moja ndio inabeba vyote. Magemu ya bure yalianza kurudishwa mwisho wa mwezi, ya kulipia ndio yakabaki kwenye kigugumizi, na hilo peke yake linakuonyesha tatizo lilikuwa wapi.

Alafu ikaja sehemu ambayo naona ndio moyo wa habari yote. Tarehe 1 Agosti Mastercard wakatoa taarifa kwamba wao hawajakagua gemu lolote wala hawajamlazimisha mtu kuzuia chochote, wanachotaka ni kadi zao zisitumike kununua kitu haramu kisheria. Valve wakajibu kwamba walijaribu kuongea na Mastercard moja kwa moja haikuwezekana, Mastercard wakawa wanaongea na wasindikaji wa malipo, yani kampuni zinazopitisha hela kati ya duka na wenye kadi, na benki zao, na hao ndio waliokuja kwa Valve wakitaja kanuni ya Mastercard namba 5.12.7 na hatari ya kuchafua jina la kampuni. Yani mwenye kadi anasema sio mimi, benki inasema ni kanuni ya mwenye kadi, msindikaji anasema natekeleza tu, duka linasema nimeambiwa, na mtengenezaji wa gemu aliyekaa chumbani kwake anaamka kazi yake haionekani na hajui hata barua aandike kwa nani. Kila mmoja kwenye mnyororo ana sababu yake na hakuna hata mmoja mwenye uamuzi.

Linganisha na tunavyojua sisi kufungiwa. Baraza la sanaa la taifa, BASATA, walipofungia wimbo wa Mwanza wa Rayvanny na Diamond Novemba 2018, nchi nzima ilijua aliyefungia ni nani, kwa sababu gani, ofisi iko wapi. Unaweza kuona walikosea au walipatia, watu walibishana mitaani mpaka basi, lakini kulikuwa na mtu wa kubishana nae, na mwezi uliofuata wasanii wakafungiwa kufanya shoo na baadae wakafunguliwa. Au cheki Wajerumani. Sheria yao ya jinai inakataza alama za Wanazi, na kwa miaka mingi magemu yaliumia sana kwa hilo, Wolfenstein 3D ilikamatwa kwa amri ya mahakama mwaka 1994, na hata Wolfenstein II ya 2017 toleo la Ujerumani walimnyoa Hitler masharubu na kumwita Kansela. Ukitaka mfano wa udhibiti uliopitiliza huo hapo, gemu ya kupigana na Wanazi inafichwa Wanazi wake. Ila kwa vile ilikuwa sheria iliyoandikwa, inayojulikana kifungu, watu waliipigia kelele kwa hoja kwamba filamu zinaruhusiwa kuonyesha alama hizo hizo kwa ajili ya sanaa na historia, na Agosti 2018 chombo chao cha kupanga umri wa magemu, USK, kikabadilisha msimamo, kila gemu sasa inaangaliwa kivyake. Ilichukua zaidi ya miaka ishirini, ni mingi sana, lakini njia ya kwenda kulalamika ilikuwepo muda wote. Kwenye kanuni 5.12.7 mtu wa Barabara ya Nane hapa Tanga aanzie wapi?

Sasa wanaotetea kilichofanyika nao wana hoja, na zipo nzito. Nzito kuliko zote ni kwamba kweli kuna vitu havifai kuuzwa, na maduka kama Steam kwa miaka yalikuwa yanapitisha karibu kila kitu yakichukua asilimia yao bila kujali, mpaka wakaguswa mfukoni ndio wakastuka. Hili nalikubali. Duka lenye pesa kama la Valve lilitakiwa liwe na wakaguzi wake na kanuni zake zinazoeleweka toka zamani, na wakinamama wa Australia wasingekuwa na sababu ya kuzunguka nyuma kwenda kwa wenye kadi. Hoja ya pili, ya watoto, nayo ni nzito ila nitairudia mbele maana huku kwetu ina sura yake. Hoja dhaifu ndio hii inayopendwa kurudiwa kuliko zote: eti Visa na Mastercard ni kampuni binafsi, udhibiti ni wa serikali tu, mfanyabiashara ana haki ya kukataa biashara asiyoitaka, usipopenda nenda kwingine.

Kwingine wapi? Muuza chapati akikataa kukuuzia unavuka barabara. Nje ya China, kadi nyingi sana zina moja ya nembo hizo mbili, hata kadi ya mtandaoni unayojitengenezea ndani ya simu kwenye M-Pesa ikifika dukani nje inapita njia hizo hizo. PayPal ndio hio, Agosti 2025 Valve wakatangaza kwamba benki inayosindikia PayPal imejitoa, ikabaki kwa sarafu chache tu kubwa kama dola, yuro, pauni na yeni, watu wa nchi zenye sarafu nyingine wakakatwa hata kama maisha yao yote hawajawahi kununua gemu ya ngono. Na anayedhani mlango huu unafungwa kwa ajili ya ngono tu akumbuke Desemba 2010, Visa, Mastercard na PayPal zilivyokata michango ya WikiLeaks, kile kilikuwa ni kuchapisha nyaraka za serikali ya Marekani, hakuna mahakama iliyokuwa imewahukumu, hela zikasimama tu. Mwaka 2024 ikawa zamu ya Wajapani, duka la DLsite likaacha kupokea Visa na Mastercard kwa ajili ya katuni na magemu ambayo kwa sheria za Japani ni halali. Kampuni ikishakuwa na uwezo wa kusimamisha kitu halali ndani ya nchi ambayo haijaigusa sheria yake, kuiita mfanyabiashara wa kawaida ni kujidanganya, ile ni mamlaka, tofauti yake na mamlaka nyingine ni kwamba hakuna aliyeipigia kura wala kuiteua.

Nikigeukia upande wa pili, wale wa kila kitu ni udhibiti, nao wananiudhi sababu wanaharibu hoja nzuri. Toka mwaka 2016 Nintendo walipotoa gemu ya Fire Emblem Fates Marekani wakiwa wameondoa kale kamchezo ka kumpapasa mhusika usoni, kuna watu ugomvi wao mkubwa duniani ni watafsiri. Sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video tunajua kutafsiri ni nini. Lufufu alikuwa anakutafsiria filamu ya Kichina au ya Kimarekani, anaongeza maneno yake, anamtania adui, anamwelezea jambazi kama mtu wa mtaa wa pili, na tulikuwa tunalipia tumsikie yeye, wala hakuna aliyesema haki ya kujieleza ya Wachina imevunjwa. Leo tamthilia za Kituruki zinazungumza Kiswahili Azam na mama zetu wanazifuata kila siku. Kubadilisha utani ili ueleweke, kubadilisha jina la chakula, hata kupunguza kitu kwa vile soko fulani halikipendi, hizo ni kazi za kuhamisha kazi kutoka watu hawa kwenda kwa watu wale, na mara nyingi mwenye gemu mwenyewe ndio anatoa ruhusa. Capcom walibadilishana majina ya wapiganaji wao kwenye gemu ya Street Fighter II wakivuka kwenda Marekani kwa kuogopa mmoja kufanana mno na Mike Tyson, na gemu haikupoteza kitu. Mimi kwenye hili naangalia vitu viwili tu, mwenye kazi amekubali, na toleo la mwanzo bado linapatikana. Vikiwepo vyote hapo kuna uamuzi wa biashara au wa ladha, lalamika upendavyo, lakini usiite jina kubwa.

Na soko likiwa wazi kosa la namna hiyo hujirekebisha. Mortal Kombat ilipotoka kwenye mashine za nyumbani 1993, Nintendo walibadilisha damu ikawa jasho, Sega wakaiweka damu kwa namba za siri, watu wakakimbilia Sega, na mwaka uliofuata Mortal Kombat II ikatoka Nintendo na damu yake. Mwaka huo huo 1993 maseneta wa Marekani wakawaita wenye magemu wakawahoji, 1994 ikazaliwa ESRB ya kupanga umri. Kote huko kulikuwa na mahali pa kwenda pengine. Jambo linabadilika kabisa pale woga unapotoka nje ya soko, kama ilivyotokea kwa Devotion, gemu ya kutisha ya watu wa Taiwan. Februari 2019 wachezaji waligundua ndani yake kuna hirizi ukutani imeandikwa jina la rais wa China na la kile kikatuni cha dubu Winnie the Pooh anachotaniwa nacho, watengenezaji wakaomba radhi wakakitoa, haikusaidia, gemu ikaondoka Steam. Desemba 2020 duka la GOG likatangaza kuiuza na ndani ya siku hio hio likabadili mawazo, likasema limepokea ujumbe mwingi wa wachezaji. Hapo mwenye kazi alitaka kuuza, watu walitaka kununua, na toleo la mwanzo halikupatikana dukani. Hilo ndio la kupigia kelele, na anayelifananisha na nguo ya mhusika wa Kijapani anawafanyia wale jamaa wa Taiwan ubaya.

Kuna kitu kingine kinachanganywa sana, kukosoa nako kunaitwa udhibiti. Resident Evil 5 ilitoka 2009, inafanyika sehemu ya kubuni ya Afrika Magharibi inaitwa Kijuju, na maadui wanaitwa Majini, wanakufokea kwa Kiswahili. Kiswahili, Afrika Magharibi! Toka trela ya kwanza 2007 kulikuwa na watu weusi Marekani waliosema picha ya mzungu mwenye bunduki akiua kijiji kizima cha watu weusi walioharibika akili ina historia mbaya nyuma yake, wakajibiwa kwa matusi kwamba wanataka kufunga midomo ya wasanii. Hawakumfunga mtu mdomo, gemu ilitoka, ikauzwa mamilioni. Walisema walichokiona, na huko ndio kujieleza kwenyewe. Kinachoniuma mimi ni kwamba kwenye kelele zile zote, pande zote mbili, sijaona palipoulizwa mtu wa pwani hii ambae lugha yake ndio imevalishwa yale mazombi. Vijana wa Tanga waliicheza ile gemu wakicheka wakisikia maneno ya nyumbani, wengine walichukia, na vyote viwili vingefaa kusikika. Mi sijawahi kutaka ifungiwe. Ningetaka tuwe na magemu yetu ya kuijibu.

Na hapa ndio narudi kwenye mlango wa malipo, maana kijana wa Chumbageni akitengeneza hiyo gemu ya kujibu ataiuzia wapi? Mlango wenyewe kwetu haujawahi kuwa wazi vizuri. PlayStation Network (PSN), mtandao wa Sony wa akaunti na duka la PlayStation, haina Tanzania kwenye orodha ya nchi zake, wenye PS4 na PS5 hapa karibu wote akaunti zao zinasema wanakaa Uingereza au Marekani. Mei 2024 Sony waliposema kila mchezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta lazima awe na akaunti ya PSN, gemu ikaondolewa sokoni Steam kwenye nchi zaidi ya 170 ambazo PSN haipo, yetu ikiwemo, watu waliokwisha kulipa wakabaki wanashangaa. Sony walirudi nyuma baada ya wachezaji wa dunia nzima kuja juu. Hakuna aliyeita ule udhibiti kwa vile hakuna aliyesema gemu ni chafu, ilikuwa ni masharti ya akaunti tu, lakini matokeo kwa mtu wa Tanga ni yale yale, kitu halali amezuiwa na mtu asiyemjua. Ukija kwenye kuuza ndio kabisa, Stripe, kampuni ya kupokea malipo mtandaoni, hawajafungua Tanzania, msanii wa gemu wa hapa anazunguka kwa watu wa kati kupata hela yake, na kila mtu wa kati ana masharti yake juu ya masharti ya wenye kadi. Gemu yake ikiwa na mambo ya ukeketaji, au unyago, au ndoa za utotoni, mambo tunayoyajua na yanayostahili kusimuliwa, alama ya watu wazima itamwangukia na safari ikaishia hapo. Wale waliofichwa na itch.io Julai ndio yeye huyo, ila wao walikuwa na wa kuwasemea.

Sasa watoto. Anayenambia watoto walindwe namuunga mkono mia kwa mia, ila wagosi tuseme ukweli, mtoto wa Makorora hanunui gemu Steam. Mtoto wa Makorora yuko kibandani anacheza GTA San Andreas iliyochomwa kwenye diski au iliyowekwa kwenye flashi, hamna boksi, kwa hiyo ile alama ya umri iliyochapwa kwenye boksi toka kiwandani haijawahi kufika mbele ya macho ya mtu. Visa wakifunga magemu yote ya watu wazima duniani, pale kibandani hakitabadilika kitu. Kitakachobadilisha ni mwenye kibanda kuambiwa na serikali ya mtaa kwamba mtoto wa shule asionekane hapo saa za masomo na kwamba magemu fulani yachezwe na wakubwa tu, na mzazi kupita kucheki. Hiyo kazi ni yetu na inawezekana kesho asubuhi, haihitaji New York. Kuiachia kampuni za kadi ni kuacha mtoto wetu bila ulinzi huku tukiwa tumempa mtu wa mbali rungu.

Na rungu la namna hiyo tumeshaona linavyopiga. Mei 2025 mtandao wa X ulipozimwa hapa nchini, maelezo ya waziri wa habari wa wakati huo, Jerry Silaa, yalikuwa kwamba unaruhusu picha za ngono kinyume na sheria na maadili yetu. Ngono kweli ilikuwepo. Lakini mlango ulipofungwa zilibaki nje pia habari, matangazo ya ajira, mabishano ya Simba na Yanga, na watu waliokuwa wanaihoji serikali mwaka wa uchaguzi. VPN, programu ya kuingilia mitandao iliyofungwa, nayo toka Oktoba 2023 mamlaka ya mawasiliano, TCRA, walitaka isajiliwe. Waliosema afadhali wakati ule kwa sababu ya uchafu, wengi wao miezi michache baadae walikuwa wanatafuta njia ya kuingia humo humo kusoma habari. Ndio maana siwezi kushangilia mlango wa malipo kufungwa kwa sababu hiyo hiyo, hata kama gemu la kwanza kuguswa sitaki kuliona machoni kwangu.

Kinachowezekana kudaiwa kipo, na kwetu kina anuani. Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya 2015 inaipa Benki Kuu usimamizi wa wanaopitisha hela hapa nchini, na benki zinazotoa hizo kadi zina leseni yake. Benki Kuu inaweza kuzitaka benki hizo, malipo ya mteja kwa kitu ambacho ni halali Tanzania yakikataliwa au mtengenezaji wa hapa akikatwa mapato yake, zimwambie kwa maandishi ni kanuni ipi na nani kaitumia, na awe na pa kukata rufaa. Haitawagusa wakubwa wa Mastercard, ila itamlazimisha mtu mmoja kwenye ule mnyororo kuweka jina lake. Na upande wa kuuza, M-Pesa na wenzake wanahamisha hela ya nchi hii kila sekunde bila kadi yoyote, duka la gemu la Kiswahili linaloanza kupokea kwa njia hiyo halimuombi ruhusa msindikaji wa Ulaya, linafuata sheria za hapa, ambazo nazo zina makali yake kwenye maudhui ya mtandaoni na tutagombana nazo. Ila tutakuwa tunagombana na watu wenye ofisi Dodoma na Dar, ambako basi la kutoka Tanga linafika.